Mlango wa kadi wa mamilioni unashikiliwa na mtungi wa moto! Mafundi wa dokloza (ile mashine ya kurudisha mlango) na access (milango ya kadi) mnatuonaje?

Wakuu habari za muda huu.

Leo nina hasira, atakayeona lugha imekaa vibaya anivumilie. Mimi ni msimamizi wa jengo la ofisi hapa Dar, wapangaji mchanganyiko, chini maduka, juu mawakili, kliniki ya meno, mawakala wa forodha, kila mtu na wateja wake. Mwenye jengo baada ya kubembelezwa sana akakubali kutoa hela tuweke mfumo wa milango ya kadi, maana wizi wa laptop ulikuwa umezidi. Akaja mkandarasi na suti, na kabrasha la rangi, rida (visomeo vya kadi) zinawaka taa ya bluu, kwenye simu unaona nani kaingia saa ngapi, bosi akachanganyikiwa kwa furaha akasaini.

Sasa nendeni mkaangalie huo mlango wa ghorofa ya tatu leo hii. Uko wazi. Umeshikiliwa na mtungi wa kuzimia moto, ule wa poda wa kilo 6, umetolewa kwenye ndoano yake ukutani ukageuzwa kigingi. Rida inawaka bluu kama kawaida, inamlinda nani sijui.

Kwanini wapangaji wameweka mtungi? Kwa sababu mlango ukiachwa peke yake una tabia mbili tu, ama unajibamiza mpaka vioo vya partisheni vinatikisika na dada wa mapokezi anashtuka kila dakika, ama unarudi mdogo mdogo afu unagoma kwenye inchi ya mwisho, haugusi ile sumaku ya umeme inayoushikilia, kwa hiyo haujifungi kabisa. Inategemea AC zimewashwa au la, na upepo wa ngazini umeamkaje. Na yote hiyo ni kwa sababu mkandarasi alifunga rida mpya, sumaku mpya, kontrola mpya (kiboksi kinachoamua mlango ufunguke au la), LAKINI DOKLOZA ALIACHA ZILE ZILE ZA ZAMANI. Nikamuuliza kwanini, akanijibu "hiyo siyo sehemu ya skopu yetu mzee".

Sasa wakuu, mlango wa kadi usiojirudisha na kujifunga wenyewe una faida gani? Kadi kazi yake ni kufungua. Anayefunga ni dokloza. Ile kitu ya chuma hapo juu ya mlango ambayo hakuna anayeiangalia, ndo iliyobeba ulinzi wa jengo zima, na ndo kitu kinachonunuliwa kwa kuokoteza kuliko vyote. Kwenye makisio ya mkandarasi rida imeelezewa mistari sita, dokloza imeandikwa "door closer, pc 1". Saizi gani? Ya mlango wa uzito gani? Kimya.

Na hizi kitu zina saizi jamani. Kuna kiwango cha Ulaya, EN 1154, kinazipanga namba 1 mpaka 7 kwa nguvu. Namba 3 ni ya mlango wa upana wa sentimita 95 na uzito kama kilo 60, namba 4 inakwenda mita 1.1 na kilo 80, namba 5 mita 1.25 na kilo 100. Sasa chukua mlango wa kioo cha milimita 12, kioo kina uzito wa kilo 2.5 kwa kila milimita kwa mita ya mraba, kwa hiyo hapo ni kilo 30 kwa mita ya mraba, mlango wa mita moja kwa mbili na nusu tayari una kilo 75 hujaweka mshikio wala fremu. Fundi anakuja na kadokloza ka namba 2 kutoka Kariakoo ka mlango wa chooni, anakafunga hapo, anakaza springi mpaka mwisho, anakuambia "bosi imekaa poa". Imekaa poa wiki mbili. Baada ya hapo sili inakufa, oili inaanza kuchuruzika.

Ukitaka kujua jengo linatunzwa au linaishi kwa kudra za Mungu, simama chini ya dokloza uangalie juu. Ile ya kwetu ya ghorofa ya tatu ina mstari mweusi, oili imeshuka kwenye fremu ya aluminiamu ikakamata vumbi, imeteremka mpaka bawaba ya juu, mama wa usafi anaifuta kila asubuhi na ikifika mchana imerudi. Dokloza iliyofika hapo imekufa. Haijazwi, haizibwi, inatupwa. Lakini kuna kishoka mmoja aliletwa na mpangaji wakati mimi sipo, akapiga hela ya "kuongeza oili". Ndani ya dokloza kuna springi na pistoni, oili ndo breki yake, imefungiwa kiwandani. Ukiona fundi anakuja na kopo la oili kwenye dokloza ya juu ya mlango mfukuze kabla hajapanda ngazi.

Halafu suala la skrubu za kurekebishia. Nyingi zina valvu mbili, moja ya mwendo wa mlango unaporudi kutoka wazi mpaka karibu na fremu, nyingine ya zile nyuzi kumi na tano hivi za mwisho ambapo mlango unatakiwa upate nguvu ya kuingia kwenye kitasa au kugusa sumaku. Nzuri zaidi zina ya tatu, inayozuia mlango usirushwe na upepo ukagonga ukuta. Hizi zinazungushwa kidogo kidogo, robo ya mzunguko au chini ya hapo, unaachia mlango, unaangalia, unarudia. Wa kwetu alikuja na alenki akazungusha kama anafungua nati ya tairi, valvu ikatoka yote, oili ikaruka kwenye shati la mteja wa mawakili. Mteja. Wa. Mawakili. Barua niliyopokea kesho yake sitaki hata kuikumbuka.

Kupima mbona rahisi, hauhitaji digrii. Fungua mlango nyuzi 90 uachie, sekunde tano hivi uwe umefika, usibamize. Afu fungua kidogo tu, kiasi cha kupitisha mkono, uachie. Hapo ndo wengi wanafeli, maana mlango hauna mwendo wa kuusaidia, springi peke yake inatakiwa iumalize. Ukigoma hapo usisaini makabidhiano. Na upime AC zikiwa zinapiga na madirisha ya ngazini yako wazi, sio Jumapili jengo limelala.

Nirudi kwenye sumaku maana huko ndo nimechoka zaidi.

Sumaku yetu imeandikwa kilo 280. Kijana wa dukani pale chini, mwembamba tu, aliuvuta mlango kwa mkono mmoja ukafunguka. Nikapanda mwenyewe kuangalia. Lile bati linalokaa mlangoni linalogusana na sumaku linatakiwa licheze, lina raba yake katikati ili liweze kujilaza vizuri usoni mwa sumaku. Fundi alitupa raba, akalikaza na skrubu mpaka likawa kitu kimoja na mlango. Kwa hiyo linagusa kona moja tu, kwingine kuna upenyo wa kupitisha karatasi. Nguvu yote imeishia hapo. Na hiyo sio yote, nikachukua mita nikapima volti pale kwenye sumaku, inatakiwa 12, nikakuta chini ya 10! Pawa saplai iko ghorofa ya chini na umeme umepandishwa kwa nyuzi mbili za kebo ya mtandao, nyembamba kama uzi wa kushonea. Yaani kebo ya kuleta intaneti ndo imepewa kazi ya kubeba umeme wa sumaku ghorofa tatu juu, akaokoa elfu kadhaa za waya.

TANESCO wakikata je? Sumaku kwa asili yake ikikosa umeme inaachia, na iwe hivyo, ni kwa usalama wa watu. Ndo maana kuna betri. Betri ya 12V 7Ah ikiwa mpya, kwa hesabu za kwenye karatasi sumaku inayokula nusu ampea inakwenda kama masaa 14, ukiongeza rida na kontrola inashuka. Sasa ya kwetu imevimba kama chapati, hakuna aliyeigusa tangu ifungwe, hizi ukipata miaka miwili mitatu kwenye joto la Dar ushukuru. Jenereta inachelewa kidogo kuwaka, na katika hicho kidogo milango yote ya jengo iko wazi. Wezi wanajua kuliko sisi, wanasubiri umeme ukatike ndo wanapanda.

Na wale mliokwenda upande wa pili ndo mnanitisha kabisa. Kuna majengo nimeingia mjini hapa, mlango wa kutokea unategemea kitufe kinachopita kwenye kontrola, kontrola ikiganda hutoki. Hakuna kile kiboksi cha kijani cha kuvunja kinachokata umeme wa sumaku moja kwa moja, kengele ya moto haijaunganishwa na chochote, na mlango wa ngazi za dharura umepigwa mnyororo na kufuli eti wapangaji wanatorokea huko bila kulipa kodi. Moto ukiwaka saa nne asubuhi mnataka watu watokee wapi, kwenye dirisha la kliniki ya meno?

Na kwa wanaosema dokloza ni kitu kidogo, kasomeni habari za Grenfell Tower kule London, Juni 2017, watu 72 walikufa. Ripoti ya kwanza ya uchunguzi iliyotoka 2019 ilizungumzia milango ya nyumba za watu iliyokuwa haina kifaa kinachofanya kazi cha kuirudisha, iliachwa wazi na moshi ukasambaa kwenye korido na ngazi. Milango! Sasa sisi mlango wa ngazi tumeuwekea mtungi wa moto. Yaani siku ya moto moshi unapita freshi, na mtungi wa kuzimia uko mlangoni, hakuna anayeukumbuka.

Kadi nazo msinianzishe. Tumepewa zile nyeupe za 125 kHz, za bei ya chini kuliko zote, ambazo zinatoa namba yake kwa kila anayeuliza, haina siri yoyote. Wachonga funguo wenye kale kamashine wanakutolea kopi ukiwa umesimama. Mkandarasi alivyoulizwa akasema tulitaka bei nafuu. Hakuna aliyetuambia kuna tofauti! Rida ya stoo ndo kichekesho, ni ile ya kujitegemea, maamuzi yote yanafanyika ndani ya kiboksi chenyewe na kiboksi kiko NJE ya mlango na skrubu moja. Na namba ya siri ya fundi ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani, iko kwenye kikaratasi cha maelekezo, mtu yeyote anaipata.

Kliniki wakaomba za alama za vidole. Fundi akachukua vidole vya wafanyakazi wote akahifadhi kwenye laptop yake binafsi, akaondoka nayo. Nikamuuliza kama anajua kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na vidole vya watu viko kwenye taarifa nyeti. Akacheka. Alicheka wakuu.

NYONGEZA: kuna mdau ameuliza kwanini tusimwite tu mkandarasi arekebishe, si kuna waranti. Nimemwita. Amesema dokloza sio zake, bati la sumaku "lilichezewa na wapangaji", betri sio sehemu ya waranti, na volti kushuka ni tatizo la TANESCO. Nimemwambia asilimia ya mwisho ya malipo yake imelala kwangu na sahihi yangu haitoki mpaka kila mlango ujifunge wenyewe mbele yangu, AC zikiwa zinawaka. Ameanza kumpigia bosi.

NYONGEZA 2: mwingine kaniambia niweke vitasa vya umeme badala ya sumaku. Kwa milango ya mbao ya stoo na chumba cha seva nakubali, umeme ukikatika kinabaki kimefunga na aliye ndani anatoka kwa mshikio wa kawaida. Kwa kioo kitupu hapana. Na hata hivyo vitasa mlango usipoingia kwenye fremu ni yale yale, dokloza kwanza.

Sasa natafuta fundi, Dar, anayejua kusoma saizi ya dokloza kwenye karatasi ya kiwandani na sio kwa kuangalia boksi lina rangi gani. Milango kumi na moja, mitatu ni ya kioo na ina dokloza za kufukiwa sakafuni ambazo zimeingia maji ya kudekia. Anitumie ujumbe humu. Aje na mita, aje na alenki yake mwenyewe, na kopo la oili aliache nyumbani.