KUKUNJA SIO KUZUNGUSHA! Mnaosahihisha simetri mnawafelisha watoto bure

Wakuu leo nina hasira msinitulize kwanza. Nina daftari la dogo hapa mezani, swali linasema taja oda ya simetri ya mzunguko (yaani umbo linakaa juu ya lenyewe mara ngapi ukilizungusha mzunguko mmoja kamili) ya msambamba, lile umbo la pande nne ambalo pande zinazotazamana ni sambamba, dogo kaandika 2, kapigwa kosa la wino mwekundu na pembeni kaandikiwa "0, msambamba hauna mistari ya simetri". Yaani kaulizwa habari ya kuzungusha, msahihishaji kaleta habari ya kukunja, halafu mwenye kosa eti mtoto!

Sawa hauna mistari ya kukunjia nusu mbili zikalaliana, nani kabisha? Ukiukunja kwenye ulalo (mstari wa kutoka pembe moja hadi pembe ya mkabala) pembe hazilaliani, ukiukunja katikati ndo kabisa. Ila chukua karatasi nyepesi inayoonyesha, nakili huo msambamba, weka alama kwenye pembe moja, choma pini pale ulalo mbili zinapokatana kisha zungusha taratibu. Nyuzi 90 haukai. Nyuzi 180 unakaa pwaa juu ya mwenzie, ile pembe yenye alama imehamia upande wa pili mkabala. Endelea mpaka 360 umerudi ulipoanzia. Mara mbili, basi oda ni 2, hiyo sio maoni yangu mimi, ni karatasi na pini.

Na huu ugonjwa najua unakotoka. Mifano ya darasani kila siku ni mraba, mstatili na pembetatu yenye pande zote sawa, sasa hapo ukihesabu mistari unapata 4, 2 na 3, ukizungusha unapata 4, 2 na 3 vilevile, watu wakajiaminisha kwamba hesabu ni moja wakaacha kuzungusha kabisa. Inakubali kwasababu umbo likiwa na mistari miwili ya simetri lazima lina mzunguko, ukiligeuza kwa mstari wa kwanza halafu ukaligeuza kwa wa pili umeshalizungusha, tena kwa nyuzi mara mbili ya zile zilizo kati ya mistari yenyewe. Mstatili mistari yake inakatana kwa nyuzi 90, ndo maana unakaa kwenye 180. Lakini ukirudi kinyumenyume haikubali!! Mzunguko haudai mstari hata mmoja. Angalia herufi S, Z na N, zote oda 2 na hakuna pa kukunja. Chora feni ya mapanga matatu yaliyopinda upande mmoja, oda 3, nyuzi 120 kila hatua, mistari sifuri. Halafu mnampa huyo mtoto herufi A, anaona mstari mmoja mzuri katikati anasema ina simetri ya mzunguko, iko wapi? Igeuze juu chini uone kama bado ni A.

Kuna na hili la 0 na 1, hili ndo linanimaliza kabisa. Umbo lolote ukilizungusha nyuzi 360 linarudi lilipokuwa, kwahiyo oda ya chini kabisa ni 1, na tukisema umbo halina simetri ya mzunguko tunamaanisha oda yake ni 1. Hiyo sifuri mmeitoa wapi? Ukurasa uleule wa daftari, tiara (lile umbo la kishada) imepewa 1 na msambamba 0, kwa mkono uleule!

Rombasi nayo kasahihishiwa 4 "kwasababu pande zote ni sawa". Jamani pande sawa peke yake haitoshi, pembe nazo ziwe sawa, rombasi isiyo mraba ukiizungusha 90 ulalo mrefu unaangukia pa ulalo mfupi, haukai, oda 2 tu. Mtoto alikuwa kaandika 2, akafuta akaweka 4, alama ya raba bado inaonekana.

Nimeandika barua fupi nikaiweka ndani ya daftari, kesho linarudi. Na kwa wale mtakaokuja hapa kutetea eti mistari na oda ni kitu kimoja: oda ikiwa 3, mistari ni 3 au hakuna kabisa. Mwenye umbo la oda 3 lenye mstari mmoja alichore aweke picha hapa, nasubiri.