Naomba ushauri: cheti cha kifo cha baba kimeandikwa nimonia

Habari zenu wakuu, na wakubwa shikamooni.

Baba alifariki Februari 2021, Dar. Siku tano anatafuta pumzi, oksijeni ya kuungaunga, na korona hakupimwa. Mnakumbuka hali ilivyokuwa: takwimu zilikuwa zimesimama tangu Mei 2020 kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, tukaambiwa ugonjwa umeisha, tujifukize. Nyungu tulipiga mpaka mzee akaungua bega. Aliyeshika blanketi ni mimi, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Chanjo imekuja kuanza Julai, yeye ana miezi mitano kaburini.

Hospitali nimerudi mara mbili. Daktari aliyemhudumia kahama, na masjala wanasema bila kipimo hakuna cha kubadilisha. Mama anasema niache, marehemu harudi. Siwezi.

Kuna aliyewahi kurekebisha sababu ya kifo bila majibu ya maabara? Alianzia wapi, hospitali au kwa msajili wa vizazi na vifo? Na nyie mliofiwa kipindi kile, hasira mliipeleka wapi?