UZI WA MALALAMIKO: Kioo juu ya kioo. Nani aliomba iOS 26 iwe hivi?

Asalaam aleikum wanajamvi. Naufungua uzi huu nikiwa na hasira, na mwenye jibu la "utazoea tu" apite kimya.

Hebu nielezeni, arifa, vitufe na saa kufanywa kama gilasi ya maji kumemsaidia nani? iOS 26, mfumo unaoendesha iPhone, ilitoka 15 Septemba 2025, na sura hii mpya wenyewe Apple wameipa jina Liquid Glass. Kila kitufe, kila utepe wa chini, kila kisanduku kinaonyesha kilichoko nyuma yake na kukipinda ukingoni. Ndani ya ukumbi wenye taa za kupangwa, inapendeza, sikatai. Sasa itoe sokoni Darajani, Unguja, saa saba mchana, kaskazi limeshika, jua la utosi, halafu nisomee kilichoandikwa.

Chukua kitu kimoja tu. Picha ya nyuma ni ya Idi, watoto wamevaa kanzu nyeupe. Meseji ya pesa inaingia: maandishi meupe, kisanduku cha kioo, na nyuma ya kioo kanzu nyeupe. 35,000 na 85,000 zinakuwa sare. Mwenye duka anangoja kuonyeshwa kama hela imefika, foleni inanung'unika, na mwenye simu anaizungusha huku na huku akitafuta kivuli. Simu ya bei hiyo!

Kinachotokea ni hichi. Herufi husomeka kwa tofauti ya rangi kati yake na kilichoko chini yake. Zamani chini palikuwa na rangi moja iliyotulia. Sasa chini panabadilika kila ukisogeza kidole, na simu inajaribu kukimbizana, mara herufi nyeupe, mara nyeusi. Chini pakiwa na madoa ya mwanga na giza kwa pamoja, haina rangi sahihi ya kuchagua. Ongeza na joto: Apple wenyewe wanasema iPhone itumike kwenye hewa ya nyuzi 0 hadi 35. Ikizidi kupata moto, inapunguza mwangaza wa kioo ili ijipoze. Yaani saa unayouhitaji mwangaza kuliko zote ndiyo saa unaponyang'anywa.

Halafu kuna balaa la pili, nalo ni la kwetu wenyewe. Mtu anampelekea fundi simu, anasema "kioo changu kina ukungu". Fundi asiyeijua iOS 26 anasikia kioo, anang'oa kioo. Kinawekwa cha kopi, mwangaza wake hafifu kuliko cha mwanzo, na ukungu uko palepale kwa sababu ulikuwa kwenye programu. Kabla hujatoa hata shilingi, piga skrinshoti ya hapo penye ukungu, itume kwenye simu nyengine, itazame huko. Skrinshoti haichukui ubovu wa kioo. Ukungu ukionekana na kule, kioo chako kizima, waache mafundi na bisibisi zao.

Sasa dawa. Majina nimeyaacha kama yanavyoonekana kwenye simu.

Kwanza hakikisha uko iOS 26.1 au juu yake. Toleo hilo lilikuja Novemba 2025, baada ya makelele ya dunia nzima, na ndani yake wakaongeza chaguo: Settings, Display & Brightness, Liquid Glass, kisha chagua Tinted. Kioo kinakuwa kizito kidogo. Kwa mtu wa ndani ya ofisi inatosha. Kwa mtu wa juani haitoshi.

Kwa hiyo nenda Settings, Accessibility, Display & Text Size. Washa Reduce Transparency. Hii ndiyo yenyewe khasa: visanduku vinapata mgongo wa rangi, herufi zinapata pa kukaa. Kisha washa Increase Contrast, na kama macho yamechoka, Bold Text. Usiishie hapo, shuka mpaka chini kabisa ya ukurasa huohuo. Reduce White Point ikiwa imewashwa, izime, inafifisha weupe wote. Na Auto-Brightness iache imewashwa. Wengi huizima ili wapandishe mwangaza kwa mkono, na hapo wanajipunja: iPhone 15, kwa mfano, hufika niti 2000 juani (niti ni kipimo cha mwangaza), lakini ni sensa ya mwanga ndiyo inayoifungulia mlango huo. Ukizima, unabaki na mwangaza wa kawaida wa niti 1000.

Saa ya kwenye kioo kilichofungwa ina kitasa chake. Bonyeza kwa muda kwenye kioo, Customize, gusa saa, toa Glass weka Solid. Na picha ya nyuma, jamani, weka yenye rangi moja iliyokoza. Kanzu za Idi zibaki kwenye albamu.

Ubaya wa dawa hizi ni kwamba ukishawasha Reduce Transparency, baadhi ya sehemu zinakuwa na rangi ya kijivu kama lami iliyomwagwa. Hawakuijali sura ya mtu anayetaka kusoma tu. Hilo ndilo linalonikera zaidi: kusoma kumewekwa kwenye chumba cha Accessibility, kana kwamba kuona mchana ni ulemavu.

#2
Mleta uzi umesema kweli, ila umewasahau wenye simu za zamani. iPhone 11 ndiyo ya chini kabisa inayopokea iOS 26. XR, XS na XS Max zimeachwa, na safari hii walioachwa ndio waliopona. Kuchora kioo kinachopinda mwanga ni kazi, na inafanyika kila unapoburura kidole. Kwenye 11 na 12 washa na Reduce Motion: Settings, Accessibility, Motion. Na siku mbili tatu za mwanzo usiihukumu betri, simu inakuwa inapanga mafaili yake upya na lazima ipate moto. Wiki ikipita na bado inakwisha mapema, tazama Battery Health. Ikiwa chini ya 80%, betri imechoka kweli, usiisingizie iOS.

#3
Kuna watu wanaahidi kurudisha simu iOS 18 kwa hela. Sheikh, usitoe. Simu haikubali toleo ambalo Apple hawalitii saini tena, yaani idhini yao ya kidijitali, na saini ya toleo la zamani hufungwa muda si mrefu baada ya jipya kutoka. Kompyuta iwe ya nani, programu iwe gani, pale mwisho simu inauliza saini, inakosa, inagoma. Na hata wakati mlango ulipokuwa wazi, bekapu iliyofanyika kwenye 26 haikuwa inaingia kwenye 18. Kama hukuwa na bekapu ya zamani ya 18 wala vitu vyako iCloud, ungerudi ukiwa mtupu, bila meseji wala picha.

#4
Nyongeza kwa wanaopotea kwenye simu yenyewe. Programu ya kupigia imechanganya simu za karibuni, vipenzi na ujumbe wa sauti kwenye ukurasa mmoja. Gusa kile kitufe cha mistari juu kulia, chagua Classic, unarudi ulipokuwa. Safari nayo imemeza vitufe vyake: Settings, Apps, Safari, tafuta Tabs, toa Compact weka Bottom. Vitufe vinarudi chini, vyote, kila kimoja mahali pake.

#5
Mimi bado niko 18, nikae vipi isije ikajipandisha usiku?

#6 (mleta uzi)
Settings, General, Software Update, Automatic Updates, zima. Kisha rudi General, iPhone Storage, shuka chini utazame kama faili la iOS 26 limeshajishusha kimyakimya. Likiwepo liguse, Delete Update, unapata na nafasi. Hata baada ya hapo inaweza kukuomba nambari ya siri ili ijipandishe usiku. Ukiona kisanduku hicho, usiandike namba kwa mazoea. Kisome kwanza, maadamu kwako bado kinasomeka.