Jana jioni baridi ilinikuta na jaketi jepesi

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za leo.

Vidole viwili vya mkono wangu wa kushoto vinawasha tangu jana usiku. Nieleze ilivyokuwa, maana wapo humu kundini waliofika majuzi tu huku nchi za baridi.

Mchana nilitazama simu, ikaonyesha nyuzi 1. Nikatoka saa kumi na mbili jioni kwa imani ya ule mchana: sweta, jaketi jepesi, jinzi, raba. Glavu nilizitazama nikaziacha mezani. Anga lilikuwa jeupe, nikaona ni heri, kumbe mawingu ndiyo yangezuia joto la ardhi lisipotee. Jua lilipozama ikashuka hadi nyuzi 10 chini ya sifuri, na upepo juu.

Nilipokuwa natembea sikuteseka sana, hata jasho lilinitoka. Mambo yaliharibika niliposimama kituoni kungoja basi, dakika ishirini na zaidi. Fulana ya pamba iliyolowa jasho ilinigandia mgongoni kama kitambaa kilichotoka kwenye maji baridi. Simu ilikuwa na chaji karibu nusu, ikazima yenyewe. Nikataka kufunga zipu hadi shingoni, vidole havikushika. Hapo ndipo niliogopa kweli. Duka lilikuwa wazi ng'ambo ya barabara, nikaona haya kuingia bila kununua kitu. Nilipofika nyumbani ufunguo haukuzunguka mkononi mwangu, jirani ndiye aliyenifungulia. Nikaweka mikono kwenye maji ya moto, yakaniuma hadi machozi.

Je, huku kuwasha ni kawaida?

Jibu:

Pole sana mwanangu. Nimefanya kazi wodini miaka mingi huku, kwa hiyo nisikilize.

Kuwasha na kuchoma damu inaporudi ni kawaida. Lakini ukiona malengelenge, au kidole kimekuwa kigumu, au hakina hisia mpaka sasa, nenda hospitali leo, usingoje kesho. Na usitegemee kuona wekundu kama vipeperushi vya hospitali za huku vinavyosema. Kwenye ngozi yetu nyeusi mara nyingi utaona rangi ya majivu, na ukigusa ni kama nta ya mshumaa.

Maji ya moto usirudie. Kidole kilichokufa ganzi hakijui kinaungua. Tumia maji ya vuguvugu, nyuzi 37 hadi 39, na usisugue.

Kinachonitisha zaidi ni pale kituoni. Kutetemeka ni mwili unajitafutia joto. Mtu akiacha kutetemeka naye bado yuko baridini, ulimi ukawa mzito, akaanza kupepesuka kama mlevi, joto la mwili wake huenda limeshuka chini ya nyuzi 35. Huyo ni wa kuitiwa gari la wagonjwa mara moja. Yeye mwenyewe atakwambia hana shida, usimsikilize. Wala asipewe pombe, inapeleka damu kwenye ngozi na joto linatoka.

Na siku nyingine ingia dukani, mwanangu. Hakuna atakayekufukuza.

Jibu:

Kaka pole. Naongeza kidogo tu kuhusu nguo. Pamba isikae mwilini wakati wa baridi kali, vaa sufu au zile za kutembelea milimani zinazokauka haraka, juu yake sweta, halafu koti la kuzuia upepo. Nyuzi 10 chini ya sifuri na upepo wa kilomita 30 kwa saa, ngozi inaumia kama ni nyuzi 20 chini, kwa hiyo kwenye utabiri soma na upepo, na usome hali ya saa utakayorudi. Soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana ni mbaya kuliko moja, damu haipiti. Glavu zisizotenganisha vidole zina joto zaidi.

Jibu:

Shikamoo mama, na asante kaka. Nimevitazama tena mwangani: vidole ni laini, hisia ipo, ila ncha ya kimoja ina lengelenge dogo. Naenda hospitali sasa hivi. Glavu nimeshazitia kwenye mifuko ya koti.