Mchawi awe bibi kizee tena? Mjadala wa muvi za kutisha Malindi

Mwanamaweni

Mjadala huu umepigwa barazani mpaka kahawa ikaisha, na bado kila mtu anamkata mwenzake kauli. Naona tuulete hapa, angalau mtu amalize sentensi yake.

Kwa wasiojua kisa: sisi vijana wa Maweni, kila Jumamosi baada ya Isha, twatundika shuka nyeupe ukutani, twawasha projekta na kutazama muvi za kutisha. Ni mchanganyiko: za zamani zisizo na rangi, za Kijapani, za Kinaijeria, za Bongo, za Marekani zilizotoka juzi. Ikiisha, tunaipa maksi. Kutisha juu ya kumi, hadithi juu ya kumi, na kuna maksi za ujinga, za yule mhusika anayeteremka peke yake kwenye ghala la giza na mlango wa nje ameuona u wazi. Hakuna kiingilio. Atakaye aje na mihogo yake na pilipili.

Sasa kuna wazazi na wazee wa mtaa wanaotaka shuka ishushwe kabisa. Wengine wanasema tuachwe, ni burudani tu. Swali ni hilo: ziendelee au zikome?

Msimamo wangu ni kwamba ziendelee, ila kuna aina moja tuiache. Sisemi za damu. Damu ya muvi hainishughulishi. Ile iliyozunguka ikiingia kwenye tundu la bafu katika Psycho ya mwaka 1960 ilikuwa sharubati ya chokoleti, na kwa kuwa picha haikuwa na rangi, hakuna aliyejua. Wala sisemi za mizimu. Ringu ya Wajapani, ya 1998, ile ya msichana anayetoka kisimani, ilitutisha kuliko zote kwa sababu nyumba zetu nyingi zina kisima uani. Watoto waligoma kuteka maji jioni. Niliipa tisa ya kutisha na ningeitazama tena leo.

Ninayoisema ni muvi ya bibi kizee mchawi. Juzi tuliweka moja ya Kinaijeria. Inafunguka na bibi ameketi kizingitini, mvi kichwa kizima, anapepeta nafaka. Hajasema neno. Kamera inamsogelea usoni, ngoma zinalia, na kijana mdogo nyuma yangu akapaza sauti: "Huyo ndiye mchawi!" Watu wakacheka. Nikageuka nikamuuliza, wewe umejuaje, bibi wa watu anapepeta tu? Akanijibu pale pale: "Si ana macho mekundu."

Sasa tuambiane ukweli. Ni mama gani aliyepikia kuni maisha yake yote ambaye macho yake ni meupe? Na kaunti yetu ya Kilifi ni hii hii ambayo wazee wanauawa kwa mapanga wakiitwa wachawi. Pale Kaya Godoma, Ganze, kuna wazee wanaoishi kwenye hifadhi kwa sababu kurudi kwao ni kujitakia kifo. Kwingine huenda bibi kizee mchawi ni mzaha. Hapa mzaha huo una kaburi.

Kijana wa Kisumu Ndogo

Bro, ni muvi. Ukishakataza bibi vizee, kesho utakataza paka weusi, keshokutwa mibuyu. Tutabaki kutazama taarifa ya habari, na hiyo ndiyo inatisha kuliko zote.

Mama wa Barani

Wanangu, mimi sina ugomvi na burudani yenu. Lakini ukuta mnaotundikia shuka unaelekea njiani. Mtoto wangu ametumwa dukani akanunue chumvi, amerudi baada ya saa nzima, na usiku huo hataki kwenda chooni bila kushikwa mkono. Nani alimuuliza umri wake? Bodi ya filamu imepanga madaraja, kuna za wote, za uangalizi wa mzazi, za miaka 16, za miaka 18. Madaraja hayo hayakuwekwa kupamba kasha la diski. Mnasema kizee, mimi nasema mtoto. Anzeni na mtoto.

Fundi Projekta

Mama, hili la watoto una haki nalo kabisa, na si jipya. Mwaka 1968 huko Marekani, Night of the Living Dead ilitoka majuma machache kabla ya wao kuanza kupanga filamu kwa umri. Watoto wakaingia kuitazama mchana kama kawaida yao. Mwandishi Roger Ebert alikuwa ndani na baadaye akaandika jinsi kelele za furaha zilivyokatika, ukumbi ukanyamaza, watoto wakawa wanalia vitini. Naunga mkono shuka itoke barabarani iingie uani, pawe na mlango na mtu wa kusimama hapo.

Na tusisahau kwamba kuonesha filamu hadharani kuna sheria yake, Sura ya 222 ya Sheria za Kenya, tangu 1962. Kutotoza kiingilio hakumaanishi hatumo.

Nahodha wa Mayungu

Wanaosema "ni muvi tu" wajibu hili. Mwaka 1975 Jaws ilipotoka, papa wa mpira waliyemtengeneza aliharibika kila alipotiwa maji ya chumvi, ndiyo maana haonekani sana, na ndiyo maana inatisha. Sawa, sanaa hiyo. Lakini baada yake watu Marekani walitoka kwa mashua kwenda kuua papa kwa ushujaa tu, si kwa kitoweo. Peter Benchley aliyeandika kitabu chenyewe alimaliza miaka yake akitetea papa, na Spielberg mwenyewe, aliyeiongoza muvi, amesema anajuta yaliyowapata samaki hao.

Mimi papa namjua. Namvua, namtia chumvi, naanika ng'onda, twala na ugali. Sijawahi kumchukia. Kama muvi moja yaweza kumtia mtu wa bara chuki na samaki ambaye hajamwona, itashindwa nini kumtia kijana chuki na nyanyake anayemwona kila siku?

Kadzo wa Ganze

Samahanini, mimi ninatoka huko mnakokutaja. Naomba tusidanganyane. Wazee hawauawi kwa sababu ya shuka ukutani Malindi. Vijiji vingi ambako wazee wameuawa hata projekta hawajaiona. Wanauawa kwa sababu ya mashamba. Mzee ndiye anayekataa ardhi ya ukoo iuzwe. Watoto wa nduguze wameshapatana bei na mnunuzi, kilichobaki ni yeye. Basi ghafla kila mtoto anayeumwa tumbo karogwa naye.

Nyinyi mkiondoa muvi ya Kinaijeria mtalala mkijiona mmeokoa mtu. Mnunuzi wa shamba hatazami muvi zenu. Anatazama mipaka.

Mwanamaweni

Dada Kadzo, hapo pa mashamba sibishani nawe hata kidogo. Lakini tuifuate njama hiyo mpaka mwisho. Mpwa anayetaka shamba hawezi kusimama mbele ya kijiji aseme "namuondoa mjomba niuze." Watamzomea, pengine wamfunge kamba wampeleke kwa chifu. Anahitaji kusema jambo ambalo jirani akilisikia atafunga dirisha na kunyamaza. Anahitaji watu ambao tayari wanajua mchawi anafananaje. Sheria ya Uchawi ipo tangu 1925, na inamshika hata anayemwita mwenzake mchawi ovyo bila kupeleka habari kwa wenye mamlaka. Lakini jirani akishaamini, sheria hiyo inafika baada ya jeneza. Tamaa ni ya mpwa, sikatai. Ukimya wa jirani nao una mafunzo yake, na sehemu ya mafunzo hayo ni sisi tunaoyatundika ukutani kila Jumamosi.

Ndiyo maana sisemi tuache kutisha. Nasema tuchague. Hiyo hiyo Night of the Living Dead aliyoitaja Fundi, George Romero aliitengeneza kwa pesa kidogo, damu yake nayo ni chokoleti. Maiti zinafufuka zinakula watu, wachache wanajifungia kwenye nyumba ya shambani. Anayewaongoza ni Ben, ambaye Duane Jones alimcheza, Mweusi, mwenye akili kuliko wote mle ndani. Usiku kucha anapigana. Wenzake wote wanakufa, yeye anafika asubuhi akiwa mzima. Nje linapita kundi la wanaume wenye bunduki na mbwa, wanasafisha mashamba. Wanaona mtu dirishani. Hawaulizi jina. Wanampiga risasi ya kichwa, wanamburuta kwa kulabu, wanamtupa kwenye moto pamoja na maiti zilizokuwa zikimwinda.

Hiyo ya kutisha niliipa sita, maana maiti zenyewe zinatembea kama watu waliotoka kula pilau ya harusi. Ya hadithi niliipa kumi, na sijaipa nyingine kumi. Wale wanaume hawana roho mbaya. Wamechoka, wanakunywa kahawa, wanataniana. Wana hakika tu kwamba wanaua zimwi. Kuna mtu wa Kilifi atakayeitazama asielewe inamsema nani?

Kijana wa Kisumu Ndogo

Umenimalizia muvi yote. Maksi za ujinga nakupa wewe.

Maalim wa Muyeye

Assalamu alaykum. Vijana wangu, nimewasoma kwa utulivu. Majini wapo, wametajwa kwenye Qur'ani, na si vikaragosi vya kuchezewa Jumamosi usiku. Ninachokiona mimi ni mtu akitoka kwenye muvi hizo na hofu, hofu ikampeleka kwa mganga, mganga akamtajia jina. Na jina linalotajwa huwa la nani? La jirani, la wifi, la mama mkwe. Hofu isiyo na elimu ndiyo duka la mganga. Rai yangu, mziache.

Binti Lamu

Maalim, shikamoo, na kwa heshima zote. Sisi Lamu tumelelewa kwa mazimwi. Taa imepunguzwa, bibi amekaa juu ya mkeka, watoto tumefunikwa shuka moja, na zimwi la hadithi linanusa harufu ya mtu mlango wa pili. Hatukwenda kwa mganga, tulilala. Na kizee wa hadithi hizo si mmoja. Yuko mla watu, na yuko yule anayekutana na msichana njiani, anaomba kukunwa mgongo, anakunwa, kisha anampa siri ya kuvuka mto. Kinachonikera na muvi nyingi za siku hizi ni uvivu, kizee wa pili wamemfuta. Sioni dhambi ya kuogopa. Naona dhambi ya kuandika vibaya.

Na Mwanamaweni, hapo kwenu si ndipo ilipo sanamu ya Mekatilili wa Menza, shujaa wa Wagiriama? Mwaka 1913 aliwahangaisha Waingereza akiwa mwanamke mtu mzima, mjane, na wao nao walimwita mchawi. Hiyo mbinu haikuanza na projekta.

Jirani wa hospitali

Nimekaa kimya lakini na mimi niseme. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msitu wa Shakahola, na mochari ya hapa Malindi ndiyo iliyoibeba kazi hiyo. Kuna jamaa za watu walikaa nje ya geti wakingoja majibu ya DNA, wakirudi, wakienda tena. Walikuwa wafuasi wa mhubiri aliyewaambia wafunge mpaka kufa, na walikwenda kule msituni wakiamini wanaokolewa, hakuna mvi wala macho mekundu yaliyowatisha.

Simkatazi mtu muvi yake. Nina ombi moja. Spika zenu zikipandishwa saa nne za usiku, mwanamke analia na kuomba msaada, si kila jirani anajua ni muvi. Kuna mama mtaani kwetu alitoka na tochi kutafuta anayelia.

Fundi Projekta

Hilo la spika halikunijia kabisa akilini, na nalichukua. Sauti itashuka, na tukiingia uani haitatoka mbali.

Maalim, nakuwekea moja ya kufikiria. Get Out ya Jordan Peele, ya 2017, iliyopata Oscar ya uandishi. Haina jini hata mmoja, hofu yote ni watu wenye tabasamu. Na wimbo wake wa mwanzo ni wa Kiswahili, "Sikiliza Kwa Wahenga." Wamarekani walikaa wakidhani ni sauti za mahadhi tu, na Mswahili ameshaonywa akimbie mapema kabisa.

Maalim wa Muyeye

Hiyo ya wimbo imenichekesha. Rai yangu bado ni ile ile.

Mama wa Barani

Uani sawa. Nani atasimama mlangoni? Nataka mtu mzima, si rafiki yenu mmoja.

Mwanamaweni

Mama, njoo wewe. Sisemi kwa mzaha. Ukisema huyu haingii, haingii.

Jumamosi ijayo basi: ndani ya ua, sauti chini, kuanzia miaka 16 kwenda juu. Tunaweka Night of the Living Dead, hata kwa niliyemharibia mwisho. Wasambazaji walipoibadilisha jina waliiacha bila ilani ya hakimiliki, kwa hivyo upande huo hatuibi kwa mtu. Fundi ataulizia hiyo Sura ya 222, tujue tunahitaji kibali gani. Ile ya bibi anayepepeta mimi sitaiweka. Anayeitaka aje aitetee baada ya muvi, tutampa nafasi.

Kijana wa Kisumu Ndogo

Nitaitetea. Ile ngoma ya mwanzo ilikuwa kali.

Kadzo wa Ganze

Nitapanda matatu nije. Lakini baada ya maksi, mtu anijibu la mashamba. Mpaka sasa mmenijibu kuhusu jirani, hamjanijibu kuhusu mnunuzi.