Naomba ushauri: nipaue vyumba vya kupangisha au nianze na hati?

Habari zenu wakuu. Nina banda la vyumba vinne Chanika, Dar es Salaam, limefika kwenye lenta. Mkononi nina milioni 9. Nikizitia zote napaua, napiga plasta vyumba viwili na kuanza kupangisha.

Tatizo eneo halijapimwa. Ninacho ni mkataba wa mauziano wenye muhuri wa serikali ya mtaa tu. Majirani wanachangishana kwa ajili ya urasimishaji, yaani eneo lipimwe na watu wapate hati, na kwangu hati ndiyo msingi, maana nikitaka mkopo wa benki wa kumalizia vyumba vilivyobaki, watauliza hati kwanza. Mke wangu anasema tupaue, kodi ya wapangaji ndiyo ilipe upimaji. Ana hoja, bei ya bati haitusubiri.

Halafu umeme. LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) moja kwa wote, au kila chumba na mita ndogo yake? Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa humo humo kwenye LUKU, na sitaki wapangaji wagombane nani kalipia nini.

Mliopangisha huku pembezoni, mlianza na kipi? Na kodi mnapokea ya miezi mitatu au sita?