Uyole–Tukuyu kilomita 61, 10G: nichukue moduli ya kilomita 40 au ya 80?

Mteremko_Rungwe

Wakuu, habari za humu. Naomba ushauri kabla hela haijatoka.

Tuna jozi moja ya nyuzi za faiba za kukodi, aina ya kawaida ya G.652D, kutoka Uyole mpaka Tukuyu. OTDR (kifaa kinachopima urefu na upotevu wa uzi kwa kutuma mwanga) imepigwa kutokea Uyole kwa 1550 nm (urefu wa wimbi la mwanga): kilomita 61.3, upotevu wa mwanga 15.2 dB (desibeli). Swichi za pande zote mbili zina matundu ya SFP+ (ya kuchomeka moduli za mwanga) na tunataka 10G, yaani gigabiti 10 kwa sekunde. Uyole ni Cisco, Tukuyu ni MikroTik.

Muuzaji anasema moduli ya ER ya kilomita 40 itafika tu kama nyuzi ni nzuri, na bei yake ni nafuu kuliko ZR ya 80. Ni kweli? Pia tuna kiungo cha kilomita 9.4 kati ya Uyole na Mwanjelwa, nimeambiwa LR ya kilomita 10 inatosha. La mwisho: nikitumia BiDi (moduli inayotuma na kupokea kwenye uzi mmoja) uzi wa pili ukabaki akiba, kuna ubaya?

Splaisi_Igawa

Mkuu, kilomita za kwenye lebo ziweke pembeni. Fungua karatasi ya vipimo ya moduli, utafute namba tatu: nguvu ya chini kabisa ya kutuma, usikivu wa kipokezi, na mwanga wa juu ambao kipokezi kinauvumilia.

ER za kawaida zinatuma kati ya -4.7 na +4 dBm (kipimo cha nguvu ya mwanga) na zinasikia mpaka -15.8. Kwa hiyo bajeti unayohakikishiwa, yaani upotevu ambao moduli inaumudu, ni 11.1 dB. Njia yako inakula 15.2. Muuzaji anapiga hesabu kwa ile +4, yaani moduli iliyotoka kiwandani na nguvu ya juu kabisa. Unaweza ukaipata hiyo na kiungo kikawaka. Baadaye leza ikichoka kidogo, au kebo ikikatwa na kuungwa upya, pakiti zinaanza kuharibika huku taa ya poti bado ni ya kijani. Hitilafu ya namna hiyo inasumbua kuliko kiungo kilichozima kabisa, maana kila mtu anaanza kulaumu ruta.

ZR inatuma 0 mpaka +4 na inasikia mpaka -24. Bajeti 24. Toa 3 dB kwa ajili ya mtawanyiko wa rangi (mawimbi ya mwanga kuachana njiani), unabaki na 21. Mtawanyiko wenyewe kwa 1550 nm kwenye G.652D ni kama 17 ps/nm kila kilomita, kwa hiyo 61.3 inakupa takribani 1,040, na ZR ya kilomita 80 imetengenezwa kuvumilia zaidi ya 1,300. Hapo uko salama.

Sasa hiyo 15.2 yako. Je, OTDR ilifungwa na uzi wa kutangulia (uzi wa ziada kati ya OTDR na mwanzo wa njia), na mwingine upande wa Tukuyu? Kama haukuwepo, konekta za ODF (fremu ambako nyuzi za kebo zinaishia) za ncha mbili hazimo kwenye hesabu. Ongeza 0.5 kila upande, inakuwa 16.2. Ukitoa kwenye 21 unabaki na akiba ya 4.8 dB. Mimi sikubali chini ya 3 kwa barabara ile: mvua nyingi, miteremko, machimbo ya barabara. Kila kebo ikikatwa na kuwekewa kipande, unaongeza viungio viwili.

Kitu kimoja kinanisumbua hapo. Kilomita 61.3 kwa 0.21 dB ni 12.9. Kama dramu (magurudumu ya kebo) zilikuwa za kilomita 4, una viungio kama 17 ukihesabu vya ncha, kila kimoja 0.07, jumla 1.2. Inakuja 14.1. Wewe umesoma 15.2. Kuna zaidi ya desibeli moja imejificha mahali. Fungua faili la kipimo uangalie tukio kwa tukio, usisome jumla peke yake.

Na tafadhali: ZR mbili usiziunganishe mezani kwa pachikodi (kebo fupi ya faiba) ya mita 2 ili kuzijaribu. Kipokezi chake mwisho wake ni -7 dBm, wewe utakipelekea mpaka +4. Weka atenyueta (kipunguza mwanga) ya 15 dB kila upande. Kwenye njia yenyewe huihitaji, utapokea kati ya -12 na -16.

NjombeNOC

Naungana na Splaisi kwenye ZR. Nijibu yaliyobaki.

Kilomita 9.4 kwa LR: hapo unatumia 1310 nm, na uzi unakula 0.35 kila kilomita, siyo 0.21. Ni 3.3. Mjini kuna maungio mengi, weka 0.4, na konekta nne za 0.4 kwa sababu nadhani unapita kwenye kabati la kati. Jumla 5.3. LR inahakikisha 6.2 tu (-8.2 kutuma, -14.4 kusikia). Akiba haifiki hata desibeli moja. Itawaka, lakini vumbi la konekta moja linatosha kuiangusha. Tafuta moduli ya 1310 ya kilomita 20. Usiruke kwenda ER kwa kudhani kubwa ndiyo bora: kwa 1550 njia hiyo inakula kama 4 dB tu, ER yenye +4 itafikisha 0 dBm, na kipokezi chake mwisho wake ni -1.

BiDi ya 10G ya kawaida inatumia 1270 na 1330 nm. Huko uzi unapoteza sana; kwa kilomita 61.3 unapita 21 dB kabla hujahesabu maungio. Zipo BiDi za kilomita 80 za 1490/1550, bei yake iko juu na akiba ni ngumu kupata. Una nyuzi mbili, zitumie zote mbili. Na siku utakapoagiza BiDi popote, kumbuka zinakwenda kwa jozi: upande mmoja unatuma kile ambacho mwingine unasikia. Ukipokea mbili zinazofanana hakuna kitakachowaka, hata ugeuze pachikodi mara ngapi.

Chapa: swichi mbili za kampuni tofauti zinaelewana bila shida, mwanga hauna chapa. Kinachokataa ni maandishi ndani ya chipu ya moduli. Agiza ya Uyole ikiwa imeandikwa kwa ajili ya Cisco. Ikigoma, kwenye Catalyst (swichi za Cisco) nyingi kuna amri `service unsupported-transceiver`, ila usiijengee mtandao wa kudumu. MikroTik haichagui.

KabatiLaMafinga

Wakuu wamemaliza hesabu, mimi naongeza joto. ZR inakula karibu wati 1.5, nyingine mpaka 2. Swichi nyingi zina matundu machache tu yanayoruhusu hivyo. Soma mwongozo wa swichi yako kabla ya kuchagua tundu. Usizibananishe ZR mbili zikiwa jirani. Baridi ya Rungwe isikudanganye: kabati la chuma lililofungwa juani bila feni ndani linapika. Moduli ya kawaida mwisho wake ni nyuzi joto 70, za viwandani 85. Kama Tukuyu ni kabati la nje, chukua ya viwandani.

Nunua nne, siyo mbili. Moja ya akiba ikae Uyole, nyingine Tukuyu.

Mteremko_Rungwe

Asanteni sana wakuu. Nimefungua faili. Kwenye kilomita 36.6 kuna tukio la 0.9 dB kwa 1550. Kipimo cha 1310 cha uzi uleule mahali hapohapo kinaonyesha 0.2. Uzi wa kutangulia haukutumika. Halafu nimepigiwa simu kutoka Tukuyu, adapta za ODF ya huko ni za kijani. Za Uyole ni za bluu.

Splaisi_Igawa

Basi umeipata desibeli yako. Kiungio kibaya kinapoteza karibu sawasawa kwa 1310 na 1550. Tofauti ya 0.2 na 0.9 ni uzi uliokunjwa, kwa sababu 1550 ndiyo inayovuja zaidi kwenye kona. Karibu kila mara ni ndani ya joint (boksi la kiungio): uzi umebanwa na kifuniko cha trei au umezungushwa kwa duara dogo.

Usiende kufukua kilomita 36.6 ya barabarani. OTDR inapima uzi, na uzi ni mrefu kuliko kebo kwa asilimia 1 mpaka 2 kwa vile umesokotwa ndani. Hapo unarudi kwenye kilomita 36 za kebo, na kama dramu ni za 4, hicho ni kiungio cha tisa. Toa pia akiba ya kebo iliyoviringishwa kwenye kila shimo la kiungio. Ikiwa ni mita 30 kwa shimo, unafika kama 35.8. Omba orodha ya mashimo kwa mwenye kebo, yeye ndiye wa kufungua. Mwambie duara la uzi kwenye trei lisipungue nusu kipenyo cha milimita 30, na aangalie kama maji yameingia. Wakati anafungua, mtu abaki na OTDR kwa 1550 amwambie papo hapo kama 0.9 imeshuka. Kisha mpige kutokea pande zote mbili mchukue wastani, kwa sababu upande mmoja peke yake unaweza kuonyesha kiungio kinachoongeza mwanga, kitu kisichowezekana.

Kijani ni APC, ncha imekatwa kwa mshazari wa digrii 8. Bluu ni UPC. Moduli yako ni LC/UPC (LC na SC ni maumbo ya konekta; nachukulia ODF ni za SC). Kwa hiyo Tukuyu unahitaji pachikodi ya LC/UPC kwenda SC/APC, Uyole LC/UPC kwenda SC/UPC. Ukiichomeka bluu kwenye kijani unapoteza desibeli kadhaa na unaweza kukwaruza ncha ya ODF ambayo siyo yako.

Kabla ya kuchomeka, kila ncha ipite kwenye hadubini ya faiba. Futa kwa kalamu kavu ya kusafishia. Doa likibaki, tumia isopropili ya 99% kwenye kitambaa kisichotoa nyuzi, halafu kavu tena. Usichungulie kwa jicho kamwe, 1550 haionekani na inaweza kudhuru jicho.

Ikiwaka, soma Tx (kutuma) na Rx (kupokea) kwenye DDM (vipimo ambavyo moduli yenyewe inatoa) pande zote mbili uziandike kwenye karatasi ndani ya kabati pamoja na tarehe. DDM inaruhusiwa kukosea mpaka 3 dB, kwa hiyo siku hiyohiyo pima pia kwa pawamita (kipima nguvu ya mwanga) iliyowekwa 1550. Kama upande mmoja unaona mwanga na mwingine hauoni, pima uzi usiopokea. Kama pande zote hazioni, geuza nyuzi upande mmoja tu. Acha trafiki ipite saa 24 na uangalie kaunta ya CRC (hesabu ya pakiti zilizoharibika). Ikipanda hata kidogo na Rx iko -15, rudi kwenye konekta kabla hujabadilisha moduli.